Je, Manjano Niliyoyaona Yalikuwemo Kwenye Filamu?

Swali: Nilihudhuria onyesho la filamu fupi ya majaribio, ya mkanda wa milimita 16. Haikuwa na mtu, mahali wala kisa. Zilikuwa fremu za rangi tupu, nyekundu na kijani kwa wingi, zikipishana kwa kasi mpaka macho yakachoka. Mimi niliona manjano, tena waziwazi, na katikati ya skrini nikaona michoro kama sega la asali. Mwenzangu tuliyekaa naye aliona zambarau. Mwonyeshaji akatuambia kwamba mkandani hamna manjano wala zambarau. Baadaye niliipata mtandaoni nikaitazama kwenye simu, nikaona rangi zinabadilika tu, basi. Je, macho yalinidanganya? Na filamu za namna hii mtu azitazame vipi?

Jibu: Macho hayakukudanganya, wala mwonyeshaji hakukuficha kitu. Mkanda ule ungeutandaza mezani na kuukagua fremu kwa fremu kwa kioo cha kukuzia, usingekuta manjano hata chembe. Yalitokea pale ukumbini, machoni mwako, kwa sababu aliyeitengeneza filamu alijua jicho huchelewa kwa kiasi gani, akazipanga fremu zake kwa kuuhesabu ucheleweshaji huo. Watunzi wengi wa filamu za rangi tupu hufanya kazi hivyo: sehemu ya rangi wanaiweka mkandani, sehemu nyingine wanakuachia wewe uimalizie. Kwa hiyo nitazitenganisha rangi mlizoziona kulingana na mahali kila moja ilipozaliwa.

Nianze na manjano. Projekta hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Fremu moja ikiwa nyekundu na ya pili kijani, kisha nyekundu tena, kisha kijani, mzunguko wa rangi mbili hizo unajirudia mara 12 kwa sekunde. Sasa, mfumo wetu wa kuona una njia zaidi ya moja za kupeleka habari kwenye ubongo. Ipo njia inayoshughulikia mwanga na giza, nayo ni nyepesi mno. Katika mwanga mkali inaweza kugundua kitu kinachowaka na kuzimika hata mara 50 kwa sekunde. Zipo nyingine zinazoshughulikia tofauti za rangi, nazo ni nzito. Ukizipishanisha rangi mbili zenye mng'ao sawa, ukafika karibu mara 15 kwa sekunde, jicho linashindwa kuzitenga na linaziona kuwa rangi moja. Mwanga mwekundu na mwanga wa kijani vikichanganyika hutoa manjano. (Nazungumzia mwanga. Anayechanganya rangi za kupaka, nyekundu na kijani, hupata kahawia isiyopendeza.)

Mara 12 kwa sekunde ni jirani kabisa wa mpaka huo. Rangi zimeanza kuungana lakini hazijaungana sawasawa, na kwa kuwa nyekundu ile na kijani kile hazikuwa na mng'ao mmoja, ile njia nyepesi ya mwanga na giza iliendelea kuhisi kila pigo. Ndiyo maana manjano ya filamu kama hizi huwa hayatulii. Huonekana kama yanaelea mbele ya skrini kidogo, yakitetemeka, huku nyekundu na kijani zikichungulia pembeni mwake. Mtunzi akiamua kila rangi ikae fremu tatu badala ya moja, mzunguko unashuka hadi mara 4 kwa sekunde. Manjano yanatoweka papo hapo, na unabaki na nyekundu na kijani zinazokupiga moja baada ya nyingine. Kati ya hali hizo mbili kuna ngazi nyingi, na filamu nzuri ya aina hii huzipanda na kuzishuka kwa mpango, ikikuvusha mpaka na kukurudisha bila kukuaga.

Aliyelifanyia kazi jambo hili kwa ukali kuliko wote ni Mmarekani Paul Sharits, aliyesomea uchoraji kabla ya kuingia kwenye filamu. Filamu yake Ray Gun Virus ni ya 1966, na N:O:T:H:I:N:G ni ya 1968. Alichora mipango ya fremu zake kwa wino wa rangi kwenye karatasi za grafu, na karatasi hizo leo huonyeshwa kama kazi za sanaa zenyewe. Pia alichukua mikanda ya filamu zake, akaikata vipande, akaipanga sambamba katikati ya bamba mbili za plastiki angavu na kuitundika, ili mtu aione filamu nzima kwa mkupuo mmoja. Ukibahatika kusimama mbele ya moja ya bamba hizo, isogelee. Utaona safu za vijidirisha vya rangi, kila kimoja kimetulia na jirani yake hajamgusa, kama nyuzi za kitambaa kilichofumwa. Rangi uliyoiona ukumbini huikuti. Ukirudi nyuma hatua kadhaa vijidirisha vinaanza kuungana tena, safari hii kwa sababu ya umbali, na unapata mchanganyiko wa namna nyingine kabisa. Mkanda ni uleule, na tayari umeshakupa filamu mbili zisizofanana.

Zambarau ya mwenzako ina asili tofauti. Ukikodolea macho kijani kikali kwa muda, seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zinazokipokea huchoka, na sehemu za mfumo wa kuona zinazolinganisha rangi kwa jozi, nyekundu dhidi ya kijani na buluu dhidi ya manjano, hulemea upande mmoja. Ewald Hering alizieleza jozi hizi katika karne ya 19. Kijani kikiondolewa ghafla, mizani inaruka upande wa pili, nawe unaona rangi ya waridi iliyokolea au zambarau mahali ambapo hapana kitu. Ukitazama nyekundu kwa muda, utaachiwa kijani chenye ubuluu. Nadhani filamu ile ilikuwa na kipande kirefu cha kijani, kikafuatwa na fremu nyeusi au nyeupe. Mwenzako alikuwa amekaza macho mahali pamoja, kwa hiyo zambarau ikamjia imekolea. Wewe huenda ulikuwa ukizungusha macho kutafuta kitu cha kutazama, jambo ambalo sote hufanya tukinyimwa kisa, na macho yanayozunguka hayachoki mahali pamoja.

Hapa pana jambo ambalo watazamaji wapya hulipuuza: katika filamu ya aina hii, fremu nyeusi ni fremu ya rangi. Mtunzi akikupa sekunde kumi za nyekundu kisha sekunde mbili za nyeusi, anajua utakachokiona katika hizo sekunde mbili. Giza lile amelipaka kijani bila kutumia tone la rangi. Na fremu ya buluu inayokuja baada ya manjano marefu huonekana ya buluu kuliko buluu yoyote unayoweza kuchapisha, kwa kuwa jicho tayari lilikuwa linaelekea huko lenyewe. Mimi huona hapa ndipo filamu inapoipita picha ya ukutani. Mchoraji huweka rangi mbili ubavu kwa ubavu na kukuachia wewe uamue utaanza na ipi. Mtunzi wa filamu anakushika mkono: kwanza hii, sasa hii, na huwezi kurudi.

Sega la asali nalo si ajabu, ingawa wengi huogopa kulitaja wasije wakaonekana wamechanganyikiwa. Mwanga unaowaka na kuzimika kwa kasi fulani huamsha maumbo katika sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho: miraba ya dama, masega, mizunguko kama ya konokono, mistari inayotoka katikati kama miale. Johannes Purkinje aliyaeleza mwanzoni mwa karne ya 19. Alifumba macho, akageukia jua, akapitisha vidole vyake huku na huku mbele ya kope. Unaweza kulijaribu hilo leo, macho yakiwa yamefumbwa muda wote. Maumbo hayo hayahitaji rangi yoyote kwenye chanzo, na hata rangi zenyewe zinaweza kuzuka kutoka kwenye nyeusi na nyeupe. Gustav Fechner aliliandika jambo hilo mwaka 1838, na mwaka 1894 Charles Benham akatengeneza pia ya kuchezea, yenye michoro ya nyeusi na nyeupe tu, ambayo ikizungushwa huonyesha pete hafifu za rangi. Sababu hasa ya rangi za pia ile bado inajadiliwa na wataalamu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba aina tatu za seli za rangi haziamki wala kulala kwa mwendo mmoja, hivyo mpigo wa mwanga huziacha zimepishana.

Tony Conrad alilichukua jambo hilo akalifanya filamu nzima. The Flicker, ya 1966, ina dakika 30, na baada ya maandishi ya mwanzo haina ndani yake kingine ila fremu nyeusi na fremu angavu, zilizopangwa kwa mapigo yanayobadilika. Watu hutoka humo wakisimulia zambarau, manjano, buluu. Ukitaka ushahidi kwamba rangi inaweza kutungwa bila kupakwa, ni huo. Filamu hiyo inaanza na onyo kwa wenye kifafa, na nitalirudia onyo hilo hapo chini kwa kuwa ni la kweli kabisa.

Lakini usije ukadhani kwamba filamu za majaribio zote ni mazoezi ya retina. Kuna ukoo mwingine ambao rangi yake imo mkandani kweli, imepakwa kwa mkono, na utamu wake uko katika namna rangi ilivyokauka. Len Lye, mzaliwa wa New Zealand, alipaka moja kwa moja juu ya mkanda na kupata A Colour Box mwaka 1935, kazi aliyoifanyia kitengo cha filamu cha posta ya Uingereza. Mwishoni mwake kuna tangazo la bei za kutuma vifurushi. Hakujali mipaka ya fremu. Alivuta mstari kwa urefu wa mkanda, na kwa kuwa mkono haunyooki, mstari huo ukipita kwenye projekta unacheza na kujinyonganyonga pamoja na muziki. Ni filamu ya kuchangamsha mno, na watu wanaoniambia kwamba avangadi, yaani sanaa ya majaribio, ni ya wenye nyuso za kukunjamana huwaonyesha hiyo kwanza.

Kisha yuko Stan Brakhage, aliyefariki mwaka 2003 akiwa ameacha mamia ya filamu, nyingi zikiwa kimya kabisa. Kwa Mothlight ya 1963 hakutumia kamera. Alibana mabawa ya nondo, petali na majani kati ya tabaka mbili za utepe angavu, akauchapisha mkanda huo. The Dante Quartet ya 1987 ilimchukua miaka kadhaa ya kupaka rangi kwenye mikanda ya ukubwa mbalimbali, na inakwisha kwa dakika sita hivi. Alikuwa na hamu ya kile tunachokiona tukiwa tumefumba macho, yale mawingu na vimulimuli, na alijaribu kukifikisha kwenye skrini.

Tukisogee kidogo kipande kimoja cha mkanda uliopakwa, maana hapa ndipo mtu anapoelewa. Fremu ya milimita 16 ina upana wa milimita 10 tu na nukta kidogo. Skrini ya upana wa mita tatu huikuza takriban mara 300. Unywele wa brashi ulioacha mstari wa sehemu moja ya kumi ya milimita unakuwa mkanda wa sentimita tatu ukutani. Hivyo chochote kinachotokea kwenye rangi ikikauka kinakuwa tukio kubwa. Rangi nzito ya kupaka, hata ikiwa nyekundu ya kupendeza mezani, haipitishi mwanga. Kwenye skrini ni doa jeusi. Ikikauka na kupasuka, mwanga unapenya kwenye nyufa, na ghafla unaona mto wenye vijito vyake vyote, unang'aa katikati ya weusi. Wino mwembamba na rangi za kutilia vitambaa huzama ndani ya jelatini ya mkanda na kuwa kioo cha rangi. Pembeni mwa tone, pale maji yalipokaukia mwisho, rangi hujikusanya ikawa ukingo uliokolea. Mpaka-rangi aliyebobea anapanga hayo: pazito pazuie, pembamba papitishe, na ufa uandike.

Wapo pia wanaokwangua. Mkanda wa rangi wa kuonyeshea, uliosafishwa ukiwa mweusi, una tabaka tatu za rangi zilizolaliana. Ukipitisha sindano juujuu unaondoa tabaka ya kwanza, ile ya majenta (waridi iliyokolea), na mkwaruzo unaonekana kijani. Kandamiza zaidi, sayani (buluu yenye ukijani) nayo inatoka, unapata manjano. Ukifika chini kabisa, mwanga mweupe. Kina cha jeraha kinageuka kuwa rangi, na mkono uliozoea unaweza kuuanza mstari kijani ukauishia kwenye mweupe bila kuinua sindano. Hata mikwaruzo ya bahati mbaya kwenye nakala za kawaida za sinema huwa kijani au manjano kwa sababu hiyohiyo.

Kati ya kupaka na kuzuga jicho yuko Rose Lowder, afanyaye kazi Ufaransa. Katika Bouquets zake za miaka ya 1990, kila moja ya dakika moja tu, alipiga fremu moja ya ua, akaruka, akapiga nyingine, kisha akaurudisha mkanda nyuma ndani ya kamera na kujaza nafasi alizoziacha kwa picha nyingine. Dakika moja ina fremu 1,440. Ukitazama, ua na kitu kingine vinakaa mahali pamoja kwa wakati mmoja, vikimeta, wala hakuna kinachomfunika mwenzake. Ni utaratibu uleule wa nyekundu na kijani ulioanza nao, ila sasa umevikwa dunia inayotambulika. Nikiambiwa nichague filamu moja ya kumwanzishia mtu asiyeamini, huchagua hizi, kwa kuwa haziumizi na zinafurahisha.

Na upande wa pili wa kasi kuna utulivu. Derek Jarman, Mwingereza, alitoa Blue mwaka 1993, miezi michache kabla ya kifo chake, akiwa anapoteza uwezo wa kuona kutokana na maradhi yaliyoambatana na UKIMWI. Ni dakika 79 za buluu moja isiyobadilika, huku sauti zikisimulia ugonjwa, marafiki na hospitali. Watu hudhani wataona kitu kilekile mwanzo hadi mwisho. Haiwi hivyo. Jicho likinyimwa mabadiliko huanza kupoteza rangi yenyewe: baada ya dakika kadhaa buluu inafifia, inaelekea kijivu, hasa kingoni. Ukipepesa macho au ukimtazama jirani yako, inarudi kwa nguvu. Uso wa jirani nao umekuwa wa buluu, na dari, na mikono yako. Vumbi na mikwaruzo ya nakala ya filamu inapita kama vimondo, na unaishukuru. Buluu kali ina jambo lingine tena: ukitazama anga safi la mchana, mbali na jua, utaona vitone vyeupe vidogo vinakimbia kwa njia za kupindapinda na kupotea. Hizo ni chembe nyeupe za damu zikipita kwenye mishipa myembamba ya retina yako, iliyo mbele ya seli zinazopokea mwanga. Chembe nyekundu hufyonza mwanga wa buluu, nyeupe huuacha upite. Ukumbini si rahisi kuziona kama angani, kwa kuwa skrini haina mwanga wa kutosha, ila mtazamaji mvumilivu anayejua anachokitafuta huweza kuzipata.

Tuje kwenye simu. Hukuona manjano kwa sababu zaidi ya moja, na ya kwanza ni hesabu tu. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Filamu ina fremu 24, na 60 haigawanyiki sawa kwa 24, hivyo fremu moja hupewa michoro mitatu na inayofuata miwili, tatu, mbili, mpaka mwisho. Kwenye filamu ya kawaida hilo halisumbui. Lakini chukua ile nyekundu na kijani zinazopishana: nyekundu itapata tatu kila mara, kijani mbili kila mara. Rangi zilizopangwa nusu kwa nusu zimekuwa 60 kwa 40, na mchanganyiko unasogea kuelekea rangi ya chungwa. Na hapo tumechukulia kwamba aliyeipandisha mtandaoni hakuigeuza kwanza kuwa fremu 30 au 25, jambo ambalo mara nyingi hurudia fremu, hutupa baadhi, au huyeyusha mbili kuwa moja.

Ya pili ni ubanaji wa faili. Video za mtandaoni huhifadhi mwangaza wa kila nukta ya picha, lakini rangi huhifadhiwa mara moja kwa kila nukta nne. Waliobuni mfumo huu walitegemea uzito uleule wa macho katika rangi niliousema mwanzo. Kwa sura ya mtu anayeongea hauoni tofauti. Kwenye mkanda wa Brakhage, ambao ukingo wa kila tone ndio habari yenyewe, zile kingo zilizokolea zinalainishwa mpaka zinapotea. Pia mfumo huokoa nafasi kwa kudhani kwamba fremu ijayo itafanana na hii. Filamu iliyopakwa haina fremu mbili zinazofanana, basi dhana inavunjika na unaletewa miraba-miraba.

Ya tatu ni ukubwa. Pembe za macho zetu huhisi mpigo wa mwanga kuliko katikati. Skrini ya ukumbini hufika hadi pembe hizo. Simu iko katikati tu, na kuizunguka kuna chumba chenye rangi zake zinazolipumzisha jicho. Tena kwenye projekta kuna giza halisi kati ya mipigo: kilango chake hukata mwanga mara mbili au tatu kwa kila fremu, na ukumbi mzima huzimika bila wewe kujua. Skrini ya simu kwa kawaida huishikilia picha moja mpaka nyingine ije.

Sisemi usitazame mtandaoni. Wengi hatuna njia nyingine, na nakala nzuri ni bora kuliko kutoona. Tafuta chumba cha giza, tumia skrini kubwa uwezavyo, zima ile hali ya usiku inayotia umanjano na zima mwanga unaojirekebisha wenyewe. Kama televisheni au kompyuta yako inaweza kuwekwa kwenye mara 24 au 120 kwa sekunde, fanya hivyo. 120 inagawanyika sawa kwa 24, na tatizo la tatu na mbili linakwisha. Ukiwa ukumbini, kaa mbele kuliko ulivyozoea, na kwa dakika mbili tatu za mwanzo kaza macho katikati ya skrini bila kutafuta kitu. Baada ya hapo fanya majaribio: tazama kona, tazama ukuta wa pembeni uone rangi zinazoruka humo, funika jicho moja kisha ulinganishe.

Usishangae pia mkitofautiana hata mkitazama kwa namna moja. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, mwanamume 1 kati ya 12 hivi ana upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani. Kwingineko kiwango huwa cha chini zaidi, ila wapo. Lenzi ya jicho nayo huwa na umanjano kadiri umri unavyosogea, ikala sehemu ya buluu. Na nakala yenyewe huzeeka. Nakala nyingi za Eastmancolor, mkanda wa rangi wa Kodak, za kabla ya miaka ya 1980 zimepoteza sayani hata zikiwa zimefungiwa gizani, na zimebaki za waridi. Ukionyeshwa filamu ya rangi ya zamani ambayo yote inaelekea waridi, muulize mwonyeshaji kuhusu nakala kabla hujaanza kutafsiri maana ya waridi hiyo. Nimewahi kusikia hotuba ndefu na ya kina juu ya waridi iliyoletwa na uzee wa kemikali.

Sasa onyo. Kama wewe, au mtu wa ukoo wako, amewahi kuwa na kifafa au kuzimia mbele ya mwanga unaowaka na kuzimika, usizitazame filamu hizi za kupigapiga bila kuzungumza na daktari. Kasi ya hatari zaidi ni kati ya mipigo 15 na 25 kwa sekunde, ingawa chini ya hapo pia si salama, na nyekundu iliyokolea ni mbaya kuliko rangi nyingine. Desemba 1997 nchini Japani, kipande kifupi cha katuni ya televisheni kilichopishanisha nyekundu na buluu takriban mara 12 kwa sekunde kilipeleka watu zaidi ya 600 hospitalini, wengi wao watoto, na baadhi yao hawakuwa wamewahi kupata degedege kabla. Ukianza kujisikia vibaya, kufumba macho peke yake hakutoshi, maana kope hupitisha mwanga, hasa huo mwekundu. Funika jicho moja lote kwa kiganja, geuza uso, kisha toka nje. Maumivu ya kichwa ya kawaida na macho kuchoka, kama ulivyoeleza, ni jambo linalowapata wengi na huisha baada ya muda mfupi.

Mkipata nafasi ya kuiona tena filamu ile, badilishaneni: mwenzako azungushe macho, wewe ukaze macho mahali pamoja kile kijani kinapokuja. Nadhani safari hii zambarau itakuwa yako.